Kwa Wanaoanza Kusoma Volkeno Wakiwa Mombasa

Mwanafunzi anayeanza somo hili akiwa Mombasa ningemshauri aanze na maji kabla ya moto. Sehemu ya maji yanayotumika mjini kwetu hutoka katika chemchemi za Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, nazo hulishwa na mvua inayonyesha juu ya vilima vya Chyulu, ambavyo ni volkeno changa: mvua huzama katika miamba yenye matundu, ikachujika, kisha ikatokeza tena mbali na ilikonyesha. Karibu na hapo pana uwanda mweusi wa lava uitwao Shetani, nao unafaa kutembelewa, lakini uvaliwe viatu vya maana.

Miamba ya aina hiyo imewaletea watu wa Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, taabu tofauti. Kisiwani humo hakuna mto wa kudumu, kwa kuwa mvua hunywewa na ardhi ya mlima Karthala mara tu inaponyesha, na vijiji vingi hukinga maji ya mapaa katika mabirika. Mlima ulipolipuka Aprili 2005, na tena Novemba mwaka huo, majivu yaliingia katika mabirika hayo na kuyachafua maji. Kwa hiyo anayekwenda kuwahoji watu asianze kwa kuuliza kama wanauogopa mlima, maana jibu atakalopewa, nionavyo mimi, litakuwa la adabu tu. Aulize birika hufunikwa kwa kitu gani, nani huliosha, na maji yakiharibika huletwa kutoka wapi. Mombasa wapo wazee wenye asili ya Ngazidja. Awaendee hao kwanza, awaamkie inavyopasa, na daftari alitoe baadaye.

Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, nao una somo lake. Lava ya Nyiragongo, volkeno iliyo karibu na mji huo, ni nyepesi kama uji na hukimbia, na tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji. Hata hivyo wengi waliokimbilia Rwanda walirejea baada ya siku chache. Kabla ya kuandika kwamba hawakujali hatari, mtafiti aulize huko ukimbizini walikula nini na walilala wapi.

Huko Goma pia kuna mazuku, yaani mashimo na mabonde ambamo hujikusanya hewa ya kaboni dioksidi, isiyoonekana na iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida, kiasi kwamba mtu mzima aliyesimama anaweza kupona mahali ambapo mtoto au mbuzi atakufa. Mgeni asishuke bondeni bila mwenyeji, na kipimo chake cha hewa akishushe hadi karibu na ardhi.