Kichocho kinapitaje kwenye ngozi isiyo na kidonda?
Mkuu, umeuliza kichocho kinamwingiaje mtu anayeoga ziwani huko Igombe wakati ngozi yake haina hata mkwaruzo. Ngozi ni kinga kweli, ila ni nyembamba kuliko unavyodhani. Tabaka la juu, epidemisi, ukiacha viganja na nyayo, halifiki hata nusu milimita. Uso wake ni seli zilizokufa, zimejaa keratini (protini ngumu kama ya kucha), na katikati yake kuna mafuta yanayozuia maji kupenya. Ndiyo maana unapiga mbizi saa nzima na hutoki umelowa kama mkate uliotumbukia kwenye chai.

Sasa kimelea cha kichocho kikishatoka kwa konokono wa majini kinaogelea kwa mkia, na mafuta yaleyale ya ngozi ndiyo yanayokivutia. Kikinata kinatoa vimeng'enya vya kuyeyusha protini, kinaacha mkia nje, kinazama ndani. Dakika chache tu. Epidemisi haina mishipa ya damu, kwa hiyo lazima kishuke hadi demisi, tabaka la chini yake, kwenye mishipa, mizizi ya nywele na tezi za jasho. Kikiupata mshipa, safari ya mapafuni na kisha kwenye ini imeanza. Wengine huwashwa, wengi hawahisi kitu.

Ukimeza prazikwanteli, dawa ya kichocho, kesho yake, minyoo michanga haifi vizuri. Kapime baada ya wiki 6 hadi 8. Na waambie watoto: konokono hupenda palipotulia penye majani, na vimelea vya kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi mchana, saa ileile wanayopenda kuogelea.