Ukifika kwenye kanisa kuu la Gothiki, anza kulitazama kwa nje

Wengi wakifika Chartres au Amiens, Ufaransa, penye makanisa makuu ya Gothiki (mtindo wa ujenzi wa Ulaya ya Zama za Kati), huingia moja kwa moja, huinua shingo kutazama vioo vya rangi, hupiga picha na kuondoka. Vioo vinapendeza, hakuna ubishi, ila havikuelezi jengo limesimamaje. Zunguka nje kwanza. Zile nguzo nene zilizojitenga na ukuta, na yale matao yanayoziunganisha nao juu kwa juu, yana kazi moja: kuuzuia ukuta usisukumwe nje.

Anayesukuma ni dari. Ni dari ya mawe, na tao la mawe halikandamizi chini tu, hutaka pia kutanua miguu. Tao lenye ncha hutanua kidogo kuliko la nusu duara lenye upana uleule, na unaweza kulipandisha kimo unachotaka hata nafasi ikiwa nyembamba. Dari ikishagawanywa vyumba vyumba kwa mbavu (matao membamba ya mawe yanayoibeba), uzito na msukumo wake huteremkia pembeni, penye nguzo. Ukuta ulio kati ya nguzo unabaki na kazi ndogo, basi unautoboa madirisha. Mambo hayo yalionekana wazi kwenye kanisa la monasteri ya Saint-Denis, karibu na Paris, sehemu ya madhabahu iliyojengwa na mkuu wake, Abate Suger, ilipowekwa wakfu mwaka 1144. Na vile viminara vilivyokaa juu ya nguzo za nje usividharau ukadhani ni urembo mtupu: uzito wake huugeuza msukumo uelekee chini.

Sasa ingia ndani utazame dari yenyewe. Mara nyingi paa la mbao lilitangulia, likaezekwa kwa risasi, ndipo waashi wakajenga dari chini yake bila kunyeshewa. Maseremala walisimamisha kiunzi cha mbao chenye umbo la mbavu. Mawe ya ubavu, yaliyochongwa chini kwa kufuata kalibu, yalipangwa kuanzia pande zote mbili hadi yakakutana kwenye jiwe la kufungia. Kisha nafasi kati ya mbavu zikajazwa mawe mepesi, mstari kwa mstari. Chokaa ikishashika, kiunzi kiliteremshwa polepole na kuhamishiwa chumba cha pili. Ukikitoa kabla matao ya nje hayajawa tayari kupokea msukumo, umeualika ukuta upinde.

Hapo mwenye amri ni chokaa. Mawe ya chokaa yalichomwa kwenye joto la nyuzi 900 hivi, yakazimwa kwa maji, yakachanganywa na mchanga, kwa kawaida sehemu moja kwa mbili au tatu. Chokaa hii haishiki upesi kama saruji. Hukomaa kwa kunyonya hewa ya ukaa, kuanzia nje kwenda ndani, na katikati ya ukuta mnene inaweza kuchukua miaka. (Waliokulia pwani wakaona matumbawe yakichomwa wanaijua subira hiyo.) Faida yake ni kwamba jengo likititia kidogo, viungo hujirekebisha mawe yasipasuke. Adui yake ni baridi kali: maji yakiganda ndani ya chokaa mbichi, kiungo huharibika. Kwa hiyo majira ya baridi uwekaji wa mawe ulisimama na vichwa vya kuta vikafunikwa kwa nyasi kavu na samadi. Wachongaji waliendelea na kazi bandani.

Anayetaka kuona mahali hesabu ilipogoma aende kanisa kuu la Beauvais, Ufaransa. Dari ilifika mita 48 hivi, ikakamilika 1272, na mwaka 1284 sehemu yake ikaanguka. Chanzo kinabishaniwa hadi leo, lakini dawa waliyotumia mafundi inaonekana kwa macho: waliongeza nguzo katikati ya zile za awali, na vyumba vya dari vikawa na vipande sita badala ya vinne. Baadaye wakapandisha mnara wa mita 153 hivi, uliokamilika 1569, ilhali upande wa magharibi hapakuwa na ukumbi wa kuuegemeza. Ulianguka 1573. Kwa maoni yetu hili la pili halina utetezi. Somo la kwanza lilikuwa limesimama mbele yao.

Amiens, yenye dari ya mita 42, iliponea kwa chuma: mwishoni mwa karne ya 15 mafundi waliizungushia mnyororo baada ya nguzo za makutano (pale mikono ya msalaba wa jengo inapokutana) kuanza kupinda. Salisbury, Uingereza, mnara uliongezwa baadaye juu ya nguzo ambazo hazikupangiwa mzigo huo, zaidi ya tani 6,000, kwenye msingi wa kina kinachozidi mita moja kidogo tu. Simama karibu na mojawapo ya nguzo nne za katikati, uifuate kwa jicho kutoka chini hadi juu: mpindo utauona bila timazi.