Jina la gari si jina la giaboksi: kwa vijana mnaoanza kubadili manyuo

Wadogo zangu mnaoingia gereji, hapa Arusha na kule Moshi, kazi ya kushusha giaboksi ya oto (inayojibadilisha gia yenyewe) na kupandisha ya manyuo (dereva anabadili gia mwenyewe) mtakutana nayo mapema. Vijana wa mjini wanataka Altezza ya gia sita, wanataka Mark II ya tabo iwe manyuo, na watu wa rali hawaishi kuleta Subaru. Shikeni hili kwanza: muuzaji akikwambia "hii ni ya Impreza", bado hajakwambia kitu. Gari la jina moja hutoka kiwandani na giaboksi za aina nyingi.

Anza na namba. Kwenye Toyota, soma kile kibati cha chumba cha enjini, mstari wa giaboksi na ekseli. A340E ni oto. R154 ni manyuo ya gia tano iliyokaa nyuma ya 1JZ-GTE, enjini ya tabo ya Toyota. W58 nayo ina gia tano, lakini mara nyingi ilifungwa kwenye enjini zisizo na tabo, kwa hiyo usimwekee mteja aliyeongeza presha ya tabo halafu ukamwahidi itadumu. Kumbuka kibati kinaeleza gari lilivyotoka kiwandani tu. Kama limeshapita kwa mafundi wengine, ingia chini ukaangalie chuma chenyewe.

Namba nayo ina mipaka. J160 ya Altezza ilitengenezwa na Aisin, na ndugu zake wamo kwenye Nissan Silvia S15 na Mazda RX-8. Ukiziweka chini pamoja utaona zinafanana tumbo, ila mdomo unaoshika enjini si mmoja. Ndiyo maana napima kila kitu kabla hela haijatoka: matundu ya bolti, idadi ya meno ya shafti inayoingia kwenye klachi, umbali hadi kwenye maunti, mahali rungu la gia linapotokea, na meno ya upande wa propela. Nenda na klachi pleti ya enjini yako mkononi, uivishe kwenye shafti hapohapo dukani.

Sasa Subaru, na hapa nawaomba msiharakishe. Giaboksi ya manyuo ya Subaru imebeba difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ndani yake. Uwiano wa difu hiyo lazima ulingane na difu ya nyuma. Usipolingana, mbele na nyuma zinavutana muda wote, na difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, ndiyo inayobeba adhabu. Kwenye vumbi tairi zinateleza, dereva hasikii kitu. Kwenye lami ya Arusha kwenda Moshi, karibu kilomita 80, difu ya kati inapata moto hadi inaharibika.

Namba ya giaboksi ipo kwenye karatasi iliyobandikwa juu, karibu na enjini: zinazoanza na TY75 mara nyingi ni gia tano, TY85 ni gia sita. Difu ya nyuma ihesabu mwenyewe. Nyanyua magurudumu yote mawili ya nyuma, gia iwe huru, weka alama ya chaki kwenye propela, kisha mzungushe magurudumu pamoja raundi 10. Propela ikizunguka mara 39, difu ni 3.9. Ikizunguka mara 41 na kidogo, ni 4.111. Ikifika 44 na karibu nusu, ni 4.444. Lakini usikimbilie kuhukumu: STI (Impreza za michezo) za gia sita zilizouzwa Marekani zilikuwa na 3.9 mbele na 3.545 nyuma, na zilikuwa sahihi kabisa, kwa sababu ndani ya giaboksi kuna gia ya 1.1 kwa 1 inayosawazisha hesabu. Kwa hiyo mimi namshauri mteja anunue giaboksi na difu yake ya nyuma kutoka gari moja, hata kama bei inapanda. Ni hela iliyokwenda mahali pake.

Jambo lingine la Subaru za tabo: nyingi klachi yake ni ya kuvuta. Rilizi beringi, ile inayoachia klachi, imejinasa kwenye presha pleti, hivyo giaboksi haitoki kwa nguvu. Nimeona vijana wakiingiza mtalimbo hadi mdomo unapasuka. Fungua kizibo cha pembeni kwa alenki ya milimita 10, vuta pini ya uma wa klachi kwa bolti ya milimita 6, kisha itatoka kwa adabu.

Gari lililokuwa oto linahitaji pia pedeli ya klachi, masta silinda, flaiwili badala ya sahani ya oto, na propela ya urefu wake. Kwenye 1JZ usisahau beringi ndogo ya mwisho wa krenki. Waya za swichi ya P na N lazima ziunganishwe upya, la sivyo stata haitapiga. Na usivute giaboksi kwa bolti ili ikae. Ikigoma, klachi pleti haijakaa katikati.

Ukimaliza Subaru, ipeleke Usa River na kurudi. Kata kona ya polepole kwenye uwanja mgumu usikilize kama inakaza, halafu ingia chini uguse mkia wa giaboksi. Mkia huo, ilipo difu ya kati, ukichoma mkono kuliko difu ya nyuma, usimkabidhi mteja ufunguo. Irudishe juu ya jeki uhesabu tena.