Kenge au bata mwitu?

Mwanangu,

Marahaba baba. Voisi yako nimeisikiliza, eti kati ya kenge na bata mwitu yupi afadhali kwa mwenye shamba, maana huko kazini mmebishana hadi watu wamenuniana. Haya, mie mama yako wa huku bonde la Ruvu nasema afadhali kenge. Najua utacheka, si mimi ndo nlokuwa namfukuza na mwiko alipomaliza vifaranga vyangu.

Ila we angalia. Kenge anakula vifaranga sawa, lakini anakula na kaa, konokono, vyura, panya, mpaka mayai ya mamba anafukua, mpunga hana habari nao. Sasa wale bata wenye uso mweupe wanaopiga mluzi, kadogo tu hata kilo hakafiki, lakini hakaji peke yake bwana, wanashuka kundi zima usiku nyie mmelala, asubuhi unaingia jaruba unakuta mbegu ulomwaga juzi hakuna kitu. Na mayai yao huko kwenye majani nani anayapunguza? Huyohuyo kenge.

Kwenye kulea watoto hapo bata kashinda, siwezi kudanganya. Dume na jike wanapokezana kuatamia, siku 26 mpaka 30 hivi (baba yako nilimwambia hilo akajifanya anatafuta redio). Kenge jike yeye anatoboa kichuguu chenye mchwa wazima, anataga humo mayai yanaweza kufika 60, anaondoka zake hata hageuki nyuma, mchwa wenyewe wanaziba tundu, humo ndani joto ni lilelile, miezi inapita, mvua ikilainisha udongo ndo vitoto vinafukua vinatoka. Yaani mchwa kageuzwa yaya bila mshahara!

Halafu waambie wenzio kumsema kenge hasikii mpaka atoke damu ni kumsingizia, masikio anayo, yale matundu kichwani, nikikanyaga jani kavu tu kashatumbukia majini. Ila mkimbana msimsogelee, mkubwa anafika mita 2 na ule mkia anauchapa kama bakora.

Ile tochi ya kuchaji uloniahidi mpe kondakta wa basi la kesho, tumemwaga mbegu juzi na mluzi jana usiku nishausikia.

Mama yako