Kupanga, kupangisha na “mahitaji ya nyumba”

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma chuo hapa Mtwara. Utafiti wangu nimeupa jina “Kupima ugavi na mahitaji ya nyumba katika Manispaa ya Mtwara Mikindani”. Nilipokwenda kujitambulisha kwa mtendaji wa mtaa, akaniuliza bikoni, yaani mawe ya mipaka ya viwanja, zinawekwa lini. Mzee mmoja aliyekuwa pale akauliza kama saruji inagawiwa bure au kwa mkopo. Msimamizi wangu anasema jina halina kosa. Nibadilishe? Na je, “ugavi na uhitaji” si ndiyo sahihi zaidi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Msimamizi wako hajakosea, maana vitabu vya uchumi vinaandika “ugavi na mahitaji” na wasomaji wake wanaelewa. Ila mtendaji na yule mzee nao hawakukosea. Walisikiliza Kiswahili kama kinavyosemwa mtaani, na hao ndio utakaowahoji.

Tuanze na kupima, ambalo ni jepesi. Kwenye mambo ya nyumba na ardhi neno hili lina wenyewe: kiwanja kimepimwa au hakijapimwa, basi. Tena katika mkoa ambao bomba la gesi limepita kwenye mashamba ya watu, kupima huja pamoja na fidia. Ukisema “nimekuja kupima nyumba”, mwenye nyumba anaanza kuhesabu michungwa. Andika “kuchunguza” au, kama utatoa tarakimu, “kukadiria”.

Ugavi ni neno zuri lililozaliwa kwa kanuni. Kama lewa ilivyotupa mlevi na ulevi, gawa ikatupa mgavi na ugavi. W imegeuka v mbele ya i. Lakini mama yake bado anaonekana usoni. Kwenye gawa kuna mtu mwenye kitu anayewapa wengine mafungu. Ndiyo maana ofisini afisa ugavi ndiye unayemwendea kwa karatasi na wino, na umeme ukipungua tunasema kuna mgao. Mzee aliposikia “ugavi wa nyumba” akaona foleni na mtu mwenye daftari. Hakuna mwenye nyumba Magomeni au Ligula anayejiona anagawa. Yeye anapangisha.

Sasa mahitaji, na hapa nitakaa kidogo. “Mahitaji ya nyumba” ni maneno yenye sura mbili. Yanaweza kuwa watu wanahitaji nyumba; yanaweza pia kuwa vitu ambavyo nyumba yenyewe inavihitaji: bati, kitasa, rangi, na hiyo saruji ya mzee wetu. Neno “ya” halisemi nani anahitaji nini. Ukiongeza herufi mbili tu, “mahitaji ya nyumbani”, umeshaingia dukani kununua sukari na mafuta ya kula.

Sura hizo mbili si tatizo kubwa, muktadha utasaidia. Tatizo kubwa ni kwamba mahitaji hayaulizi mtu ana kiasi gani mfukoni. Kijana anayelala sebuleni kwa shemeji yake ana mahitaji ya chumba. Mwenye kodi ya miezi sita mkononi anayezunguka na dalali, naye ana mahitaji ya chumba. Mwanasiasa anawahesabu wote wawili, na ana haki, kwa sababu anazungumzia upungufu wa makazi. Wewe unayezungumzia soko unamhesabu wa pili kwanza. Wa kwanza ataingia siku atakapopata hela, au siku bei itakaposhuka hadi anapoweza kufika. Ukichanganya hao wawili utaandika kwamba mahitaji ni makubwa mno Mtwara, halafu ushindwe kueleza kwa nini vyumba vya Shangani vina kufuli miezi minane.

Uhitaji haukuokoi, unakuzamisha zaidi. Mwenye uhitaji ni mhitaji, na wahitaji ndio wale wanaopelekewa futari na unga mwezi wa Ramadhani. Mwenye kodi ya miezi sita ukimwita mhitaji atakutazama vibaya.

Mbona lugha ya mtaani inayo njia fupi na hatuitumii? Kupanga na kupangisha. Kipande kimoja tu, -ish-, kinatenga pande mbili za soko. Anayepanga ni upande wa mahitaji, anayepangisha ni upande wa ugavi. Ni kama kukopa na kukopesha, kukodi na kukodisha. Jirani yangu ana vyumba vitatu vya uani, na mwaka jana aliandika kwa chaki mlangoni: CHUMBA KINAPANGA. Baada ya siku mbili mtoto mmoja akaongeza kwa mkaa: KINAPANGA NINI? Jirani alikasirika, lakini swali lilikuwa la haki. Chumba hakipangi, kinapangishwa.

Kwa hiyo ningekushauri uhesabu vitu viwili. Vyumba vinavyopangishwa, yaani vilivyo wazi na mwenyewe anatafuta mtu, si vyumba vyote vilivyopo. Hapo angalia upatanisho: chumba kitupu, vyumba vitupu, nyumba tupu, “nyumba vitupu” nimeiona kwenye ripoti moja na sitaisahau. Cha pili, watu wanaotafuta kupanga, na kila mmoja umwandike pamoja na kodi aliyo tayari kulipa. Mtu wa huku hahitaji somo refu juu ya hilo. Kwenye mnada wa korosho, mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza msimu wa 2007/08, kilo zilizoko ghalani zinajulikana, na mnunuzi anataja anataka kiasi gani kwa bei gani. Hakuna anayesema “nina mahitaji ya korosho” akaishia hapo.

Nyumba hazina ghala, ndiyo kazi. Madalali watatu watakutajia chumba kilekile, nawe utahesabu vitatu. Vyumba vingine vinapita kimyakimya kwa ndugu na watu wa msikiti mmoja, kama kangomba, ule ununuzi wa korosho wa kificho nje ya mnada, wala dalali hajui. Ndiyo maana muda ni shahidi mzuri kuliko idadi: muulize mwenye nyumba chumba kilikaa kitupu siku ngapi kabla ya kupata mtu. Marekani madalali hugawanya nyumba zilizo sokoni kwa zile zinazouzwa kwa mwezi, wakapata miezi. Kwa desturi yao, miezi kama sita ni soko lililosawazika. Usiibebe sita hiyo kuileta Mikindani, ila hesabu yenyewe inafaa. Na utaje mwezi uliohesabu, kwa sababu vyuo vikifunguliwa mambo si yale ya Julai.

Utakutana pia na “nyumba za gesi”. Watu walijenga wakitarajia wageni, bomba la kwenda Dar es Salaam likazinduliwa mwaka 2015, na wageni waliotarajiwa si wote waliokuja. Kwa Kiswahili sanifu hayo ni matarajio. Usiyaweke kwenye safu ya mahitaji, hata mwenye nyumba akikuapia. Wenzetu wa Lindi wanaosubiri mradi wa gesi wa Likong’o nao wako kwenye safu ya matarajio.

Jina basi: “Vyumba vinavyopangishwa na watafutaji wake katika Manispaa ya Mtwara Mikindani”. Msimamizi akidai istilahi, mwandikie “ugavi na mahitaji” ndani, ukurasa wa kwanza, ukieleza mara moja kwamba mahitaji kwako ni ya wenye uwezo wa kulipa. Kwenye dodoso usiyatumie kabisa.

Na kwenye dodoso hilohilo, usiulize “unalipa kodi kiasi gani?” bila kuongeza “ya chumba” au “ya pango”. Ukiiacha kodi peke yake, mwenye duka atadhani umetumwa na watu wa mapato, na hutapata jibu la swali la pili.