Kiwavi aliyekatwa nusu anatambaaje bila kichwa?

SWALI: Hujambo Daktari. Mimi ni mwalimu mstaafu, nalima mahindi na pareto kidogo hapa Njoro, Nakuru. Juzi nikipalilia nilimkata kiwavijeshi katikati kwa jembe. Nusu ya nyuma, isiyo na kichwa, iliendelea kujikunja na kujisogeza. Wengine niliowapulizia dawa ya pareto walijipindapinda palepale, wakaanguka. Asubuhi nikakuta baadhi yao wamerudi kwenye majani wanakula. Kinachomwendesha kiwavi ni nini kama si ubongo? Na hao walioanguka, walikufa wakafufuka?

JIBU: Mwalimu, maswali yako yote mawili yanatupeleka mahali pamoja: kwenye uzi wa neva unaopita upande wa tumbo la kiwavi.

Sisi uti wetu uko mgongoni, wa mdudu uko chini. Una mafundo, karibu moja kwa kila pingili ya mwili, na ndani ya kila fundo mna seli za neva zinazoiamuru misuli ya pingili hiyo. Jembe lako lilipompitia kiwavi, nusu ya nyuma ilibaki na mafundo yake, seli zake na misuli yake. Kichwa ndicho kilichokosekana. Mitambo ya kutambaa ilikuwapo bado, na jeraha lenyewe liliichokoza.

Chukua kiwavi mzima umtazame kwa makini. Akienda mbele, mwendo huanzia mkiani. Miguu ya nyuma kabisa huachia jani, pingili yake hujikaza na kusogea, halafu inayofuata, halafu inayofuata, mpaka wimbi lifike kifuani. Ni kama mafundi wanaopokezana karai za zege kwenye jengo: kila mmoja anamwangalia jirani yake, na msimamizi hana haja ya kumwita mtu mmoja mmoja ili karai lifike juu. Fundo likichangamka hulichangamsha lililo mbele yake. Wakati huohuo seli nyingine, zile za kuzuia, huinyamazisha misuli iliyokwisha kufanya kazi ili ilegee. Naomba uzikumbuke hizi seli za kuzuia, maana tutazirudia kwenye dawa. Bila hizo misuli yote ingejikaza kwa pamoja na mdudu asingesogea hata kidogo.

Mengi ya haya tumeyajua kupitia funza wa nzi wa matunda, yule mdogo anayepatikana kwenye ndizi zilizoiva kupita kiasi. Ukiutoa uzi wake wa neva nje ya mwili, mawimbi yaleyale huendelea kupita kutoka fundo hadi fundo ingawa hakuna msuli wa kuamrisha. Mwaka 2012 watafiti walizima kwa muda mawasiliano ya seli za ubongo wa funza waliokuwa wazima. Funza hao waliendelea kutambaa, kusimama na kugeuka. Mwaka 2023 ikatolewa ramani kamili ya ubongo wa funza mchanga wa aina hiyo: seli 3,016 na maungano 548,000 hivi kati yake. Kwa kiumbe asiyefikia urefu wa punje ya mchele, hilo hunistaajabisha kila ninapolifikiria.

Basi ubongo una kazi gani? Unachagua. Unapima harufu, mwanga na njaa, kisha unaamua wimbi lianze, likome au ligeuke. Zipo seli chache mno za ubongo ambazo zikiamshwa peke yake, funza anaacha kwenda mbele na kurudi kinyumenyume. Ziko nyingine, zilizo kwenye uzi wa neva wenyewe, zinazomfanya abiringike ubavuni anapochomwa na nyigu mdogo anayetaka kutaga mayai ndani yake. Ile nusu uliyoiona ilikuwa na mwendo bila uamuzi, kwa hiyo isingeweza kuutafuta mhindi.

Kabla ya pareto, jambo moja ambalo wakulima wengi hukosea. Miguu ya tumboni ya kiwavi ina vijikulabu vinavyoshika bila nguvu ya msuli. Msuli unahitajika ili kuachia. Ndiyo maana kiwavi aliyekufa huweza kubaki ameng'ang'ania jani. Mguse kwa kijiti kabla ya kusema dawa imeshindwa.

Sasa pareto. Seli ya neva hupitisha ujumbe kwa kufungua milango midogo ya sodiamu na kuifunga upesi. Pairethrini, ile sumu ya ua la pareto, huizuia milango hiyo isifunge. Seli inayopaswa kutoa ishara moja hutoa mfululizo, katika mafundo yote kwa wakati mmoja, na mpangilio wa zamu unavurugika. Ulichokiona ni misuli inayofanya kazi kwa nguvu bila zamu, kisha ikashindwa. Hakufa wala hakufufuka. Kiwavi ana vimeng'enya vinavyoivunja pairethrini, na akipata kipimo kidogo huisafisha akaamka. Kwa sababu hiyo dawa nyingi za pareto huongezwa piperonili butoksaidi, inayovizuia vimeng'enya hivyo. Isome lebo yako kama imo. Jua nalo huiharibu pairethrini kwa saa chache, kwa hiyo pulizia jioni, ukielekeza pua ya pampu ndani ya moyo wa mmea anakojificha. Baridi ya Njoro inakusaidia hapo, maana pareto hupiga vikali zaidi kukiwa na ubaridi.

Usirudie pareto peke yake msimu mzima. Dawa nyingi zinazouzwa agroveti ni ndugu zake za kiwandani, zinagusa milango ileile, na viwavijeshi vamizi katika nchi mbalimbali wamekwisha kuwa sugu kwazo. Badilisha dawa, uchague inayopiga mahali pengine mwilini mwa kiwavi. Dawa ya emamektini hupitia upande wa kuzuia: hufungua milango ya kloridi, neva zinanyamaza, kiwavi analegea na kuacha kula upesi hata kama atachukua siku kadhaa kufa. Nyingine, klorantraniliproli, huingia kwenye msuli wenyewe na kumwaga akiba yake ya kalsiamu, kwa hiyo amri ya neva haina tena wa kuitekeleza. Majina ya kibiashara ni mengi na yanachanganya, Mwalimu, hivyo angalia namba ya kundi kwenye lebo: pareto na ndugu zake ni 3A, emamektini ni 6, klorantraniliproli ni 28. Chupa mbili zenye rangi na majina tofauti lakini namba moja ni dawa ileile kwa kiwavi.