Kingpini na tairodi za Fuso, kwa nyie mnaoanza kushika wenyewe

Wadogo zangu wenye Fuso na Canter mnaobeba korosho na simenti huku kwetu Mtwara na Lindi, najua mkishatoka lami mkaingia njia za vijijini Tandahimba na Newala mbele ya gari ndo inaumia kwanza. Kazi ya kubadilisha kingpini (pini nene inayoshikilia tairi kwenye ekseli ili ikate kona), bushi zake (mikebe ya shaba inayoizunguka) na tairodi endi (viungo vya ncha za bomba linalounganisha tairi mbili za mbele) mnaiweza wenyewe kama mna vifaa na subira, ila muifanye kabla ya msimu, mwezi wa nane au wa tisa hivi, maana ikifika Oktoba minada ya korosho ikianza hakuna tajiri atakayekubali gari ilale juu ya mawe wiki nzima eti spea inasubiriwa kutoka Kariakoo.

Kitu kikubwa kuliko vyote, usinunue spea kabla hujajua kinachocheza ni nini. Watu wengi usukani ukilegea tu wanakimbilia dukani, wanarudi na tairodi endi mbili, wanafunga, gari inayumba vilevile. Piga jeki chini ya ekseli ya mbele mpaka tairi iache ardhi, weka stendi, halafu shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza mwambie utingo akanyage breki aishikilie, utikise tena. Kucheza kukiisha hapo tatizo ni beringi ya hab (kitovu cha tairi), kukibaki ni kingpini na bushi zake. Tairodi unaiangalia gari ikiwa imekaa chini na uzito wake, injini inawaka, gia ipo fri na handbreki imevutwa, mmoja anapeleka usukani kulia kushoto kidogo kidogo na wewe umeweka kiganja kwenye kila kiungo, kinachogonga utakisikia mkononi kabla hata ya kukiona.

Kuhusu jeki naomba mnisikilize vizuri. Ardhi yetu ni mchanga, jeki inazama upande mmoja huku unaiangalia. Weka ubao mnene chini yake, weka mawe tairi za nyuma mbele na nyuma, na usiingize kichwa chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake hata kama ni kuokota spana tu.

Sasa kingpini, hapa ndo penye kazi. Ile pini haitoki kwa nyundo mpaka uitoe kwanza loki pini, kale kachuma kanakopita kwa ubavu ndani ya ekseli na kuibana pini. Kana nati upande mmoja, fungua nati mpaka ifikie usawa wa ncha ya nyuzi lakini usiitoe, halafu gonga hapo kwenye nati ili nyuzi zisiharibike, ikishalegea unatoa nati na kuimalizia kwa tindo butu. Kwa gari zinazolala karibu na bahari, Mikindani huko au Lindi mjini, chumvi inakuwa imeshakula na pini inagoma kabisa. Mwagia dawa ya kutu jioni, iache ilale, asubuhi urudie. Usikubali mtu akuletee moto wa gesi aichome ekseli, chuma kile kimetengenezwa kwa ugumu maalum na ukikichoma unakilegeza, na hicho ndo kinabeba injini na nusu ya roho zenu.

Bushi mpya zikishaingia angalia tundu la grisi la bushi likutane na tundu la nipeli (mdomo wa kupigia grisi), likipishana kidogo tu grisi haipiti na pini itakufa mapema. Bushi za shaba mara nyingi zinabana, kwaiyo peleka stabu nzima (kile chuma kinachobeba hab na kuzunguka kwenye kingpini) kwa fundi kerezo aisawazishe na pini yako mkononi, pini iingie kwa kusukuma na kidole bila kucheza. Beringi ya kubeba uzito inakaa chini ya jicho la ekseli, na mkato wa pini uelekee tundu la loki pini. Badilisha pande zote mbili.

Tairodi endi kabla hujaifungua hesabu nyuzi zinazoonekana, ili mpya iingie palepale. Kuing'oa usigonge nyuzi, gonga ubavu wa jicho lenyewe huku nyundo nzito imeegemezwa upande wa pili, itaachia yenyewe. Nati ikishakazwa na tundu halijalingana na kotapini (kapini kanakozuia nati isifunguke), kaza mbele mpaka lilingane, usirudishe nyuma, na kotapini iwe mpya.

Alaimenti, yaani mwelekeo wa tairi za mbele, ya kuanzia mnaipima kwa futi. Weka alama katikati ya tairi zote mbili kwa mbele, usawa wa hab, pima, halafu sukumeni gari mpaka alama ziende nyuma kwa usawa uleule, pima tena. Mbele iwe pungufu milimita chache, namba kamili ipo kwenye kitabu cha gari lako, unaipata kwa kulegeza klampu na kuzungusha bomba la tairodi.

Grisi ipigeni tairi ikiwa imenyanyuliwa, ndo inafika kwenye beringi ya chini, na mpige mpaka ile chafu itoke yote. Kama mligusa na springi, yubolti (bolti za umbo la U zinazoibana springi kwenye ekseli) ziwe mpya na mzikaze tena baada ya safari ya kwanza yenye mzigo, ukishusha tu pale ghalani chukua spana kabla hujaenda kula.